Kwetu Samaki Hupikwa Jumatano

Gari la taka hupita mtaani kwetu Tabata siku ya Alhamisi, kwa hiyo samaki hupikwa Jumatano. Ukinikuta sokoni Ijumaa jioni nimesimama mbele ya beseni la vibua, nimevipapasa, nimeuliza bei, halafu nimeondoka na fungu la mchicha, usidhani nimeishiwa. Nawaza utumbo na magamba yatakayokaa nyuma ya nyumba hadi Alhamisi nyingine, kwa joto hili la Dar es Salaam ambalo hata ganda la embe huanza kunuka kabla jua halijazama.

Mama mkwe alipokuja kututembelea aliuliza kama ni mwiko wa dhehebu fulani.

“Hapana, mama,” nikamwambia, “ni mwiko wa gari.”

Kwaresima ndiyo huniumiza kichwa. Sisi ni Wakatoliki, Ijumaa nyama haipikwi, na samaki wa Ijumaa mabaki yake hayana pa kwenda. Dawa yake ni friza. Utumbo, miiba na maganda ya kamba huingia kwenye kopo la zamani la aiskrimu, linafunikwa, linaandikwa TAKA kwa maka pen nyeusi, linalala chini kabisa hadi Alhamisi alfajiri. Maandishi yaliongezwa baada ya mtoto kulichomoa kopo akiamini maombi yake yamejibiwa.

Ratiba hii hakuna aliyenipa kwa karatasi. Tulipohamia nilimuuliza mwenye nyumba siku ya taka, akanijibu, “Utasikia tu.” Na kweli husikika. Kwanza honi, ndefu, inayokatika katikati kama dereva kaghairi. Kisha vijana wanaogonga ubavu wa gari wakiita “Takaaa!” Siku hizi honi imepata msaidizi, kundi la WhatsApp la mtaa, ambako mtu huandika maneno haya tu: “Gari lipo kwa Mangi.” Kutoka dukani kwa Mangi hadi getini kwetu ni mwendo wa kumalizia chai. Dada wa kazi wanakimbia na viroba begani, baba mmoja anatoka na taulo kiunoni akiburuta salfeti, na wale wa vichochoroni ambako gari haliingii wanampigia kelele kijana wa toroli. Dakika kumi baadaye kuna mtu ambaye hakosekani, anauliza kwenye kundi, “Limeshapita?” Hajibiwi.

Kwa anayetoka kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi, kundi hilo halimsaidii. Nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi mjini, bila dada anayeshinda nyumbani, hutegemea jirani, na ujirani wa namna hiyo una gharama zake. Sisi tumepatana na Mama Neema wa ukuta wa pili: yeye hutoa viroba vyetu, mimi hulipa ada ya taka ya nyumba zote mbili kijana wa risiti anapokuja, tunahesabiana mwisho wa mwezi.

Mimi nina kalenda ya ukutani, ile ya parokia, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Naweka alama siku gari lilipopita kweli, hata kama si Alhamisi. Ukifanya hivyo kwa muda utaona kwamba gari halichelewi ovyo. Halijawahi kuwahi, hilo la kwanza. Huteleza kwenda Ijumaa au Jumamosi nyakati zile zile: masika, wiki ya baada ya sikukuu, na mwisho wa mwezi ambapo mifuko ya watu imekauka.

Sababu ya kwanza iko mbali na Tabata. Iko Pugu Kinyamwezi, liliko dampo la jiji. Gari likijaa hapa lina njia mbili. Litoke Barabara ya Mandela hadi Tazara, liingie Barabara ya Nyerere, lipite uwanja wa ndege na Gongo la Mboto. Au likate kwa Segerea na Kinyerezi. Zote zina foleni, na ile ya Nyerere tangu ujenzi wa njia ya mwendokasi uanze imekuwa haitabiriki. Kufika nako si kumaliza, maana kuna msururu wa magari ya jiji zima yanayosubiri kumwaga. Mvua za masika zikikolea, udongo wa kule unateleza, gari lililoshiba linazama magurudumu, na yaliyo nyuma yake yanazima injini. Gari lililokwama Pugu Jumatano ndilo ninalolisubiri mimi Alhamisi.

Sisi wa Tabata hatuna uso wa kulalamikia umbali huo. Waliotutangulia ndio waliolifukuza dampo.

Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa hapa hapa, watu wakiishi na moshi, nzi na harufu. Mwaka 1988 wakazi waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Halmashauri ikawa inarudi mahakamani kuomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga, mpaka Jaji Lugakingira akakataa, akisema kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kabisa kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Baada ya hapo ikawa zamu ya jirani zetu wa Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Wanasheria wa mazingira wanaisoma kesi ya Tabata hadi leo, na ni haki yao, maana ni kati ya kesi za kwanza nchini kusema kwamba haki ya kuishi iliyo kwenye Katiba inagusa na hewa unayovuta.

Lakini kila mtaa ulipokataa, safari ya gari ilirefuka. Nikiangalia kalenda yangu naona wazi jinsi hukumu ya haki kabisa, iliyotolewa nikiwa mtoto, inavyonipangia leo siku ya kupika samaki.

Sababu ya pili ni pesa. Jiji lilianza kukabidhi uzoaji kwa kampuni binafsi mwaka 1994, likianzia katikati ya mji, na mitaa mingi sasa huzolewa na makandarasi wanaoishi kwa ile ada ya kila mwezi ya nyumba kwa nyumba. Ada ikikusanyika, kuna dizeli. Isipokusanyika, gari linaenda kwanza mtaa unaolipa. Kijana wa ada akifika na mashine yake ya risiti, nyumba ya kwanza baba hayupo, ya pili wanasema wiki iliyopita gari halikuja kwa hiyo hawalipi, ya tatu wanadai wao taka zao wanazichoma. (Wanazichoma kweli, jioni, upepo ukivuma kuelekea kwetu.) Gari nalo halikuja kwa sababu wiki ya kabla yake hawakulipa. Mjumbe ameshaitisha vikao kuhusu mzunguko huo, bwana afya wa kata ameshakuja na vitisho vya faini, na bado.

Mkandarasi wetu ninayo maneno naye. Kuna kipindi alipotea hadi funza wakatambaa barabarani, na risiti za mwezi huo ninazo kwenye droo. Ila nikikaa na jirani anayejisifu kwamba tangu ahamie hajawahi kutoa hata shilingi, hasira yangu inakosa pa kutua.

Kalenda ilinifunza na jingine. Gari likichelewa, ni taka ipi hasa inayonikosesha usingizi? Chupa za maji zinaweza kukaa hadi Krismasi. Boksi la feni halijawahi kumnukia mtu. Kinachonikimbiza ni chochote chenye maji: maganda ya tikiti, makapi ya nazi, wali uliolala, pampas, utumbo wa kuku. Kwa hiyo nyumbani kwangu taka zimegawanyika mara mbili, zenye subira na zisizo na subira. Rangi za ndoo hazina maana kwetu. Rehema, anayenisaidia kazi za nyumbani, amelizoea hilo kiasi kwamba anasimama mlangoni na kitu mkononi, “Mama, na hii ina subira?”

Zisizo na subira ndizo nyingi. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani ni vitu vinavyooza, na uzito huo ndio unaolijaza gari mapema na kulipeleka Pugu kabla halijafika mtaa wa mwisho. Ukizipunguza hizo, kuchelewa kwa gari kunakuwa kero ndogo. Maganda ya ndizi na viazi huenda kwa mbuzi wa Mzee Balozi. Mabaki ya chakula huchukuliwa na baba mmoja anayefuga nguruwe upande wa Kinyerezi, anapita na ndoo zake zimefungwa nyuma ya pikipiki, na huyo siku zake hazibadiliki, kwa sababu nguruwe hawaelewi habari za foleni. Majani ya mchicha, maganda ya mayai na makapi ya chai yana shimo lao chini ya migomba. Shimo linafukiwa kidogo kidogo, na likijaa tunachimba jingine upande wa pili wa shina. Mkungu wa mwaka huu jirani waliusema vizuri.

Pampas ndizo zilizonishinda. Hakuna mnyama anayezitaka na mgomba hauzitaki. Hizo na utumbo wa samaki ndizo hasa ninazolipia ada.

Za subira zina ratiba yake, na ni ratiba inayoheshimika kuliko ile ya mkandarasi. Nikisikia mtu anasema Dar es Salaam taka hazirejelezwi, namwambia aamke saa kumi na moja alfajiri siku ya gari. Waokota makopo wanaijua Alhamisi ya kila mtaa. Wanapita kabla ya honi, viroba vikiwa tayari nje ya mageti, wanachambua na kuondoka. Zamani walikuwa wanachana kiroba kutafuta chupa, na kinachobaki kinamwagika mtaroni, watu wakawa wanawafukuza kwa mawe. Sasa mimi chupa naziweka kwenye salfeti yake, pembeni, wazi. Anayepita kwetu ni mtu mzima. Ana kijiti chenye ndoano ya waya na gunia linalomzidi kimo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umeninywea maji kidogo.”

Hukaa chini kwenye ukingo wa mtaro, anafungua vizibo na kuvitia kwenye mfuko mdogo, anakanyaga chupa moja moja kwa kisigino. Chupa angavu huku, zenye rangi huku, maana kwenye mizani bei hazilingani. Nilimuuliza kwa nini asifanye kazi hiyo huko anakouza. Akasema chupa yenye hewa ni mzigo wa bure.

Mnunuzi wa vyuma chakavu yeye hana siku, ana spika. Sauti imerekodiwa, inazunguka mtaa mzima juu ya mkokoteni: masufuria mabovu, friji mbovu, betri za gari. Chupa za soda na bia zinarudi kwa Mangi kwa sababu zina amana. Chupa za pombe kali na za mvinyo huchukuliwa na mama wa karanga, anaziosha, anazijaza karanga za kukaanga, unainunua chupa yako mwenyewe kituoni. Maboksi yana wenyewe. Kabla gari halijafika getini, tayari mtaa umeshachujwa.

Mifuko laini yenyewe ilipungua ghafla baada ya marufuku ya Juni 1, 2019. Mifuko maalumu ya taka haikuguswa na katazo lile, lakini nani katika mtaa wetu anatoa hela kununua mfuko wa kwenda kutupa? Tulikuwa tunatumia rambo zile zile za dukani. Sasa ni viroba vya unga na salfeti za mchele, na wapakiaji wakishamwaga wanakurushia salfeti yako, ukiwa na bahati unaidaka kabla haijatua kwenye maji machafu. Andika jina. Salfeti nzima hupotea kuliko pesa.

Vijana hao wa juu ya gari wengi hawana glavu. Wanakamata kiroba kwa mikono mitupu, wanakikumbatia kifuani, wanakirusha. Kioo kilichovunjika mimi nakitia kwenye kopo la rangi, nafunga mfuniko kwa gundi ya karatasi, namkabidhi mmoja mkononi na kumwambia ni kioo. Hela ya soda nikiwa nayo natoa. Matawi na udongo hawabebi hata uwape nini, na wana haki: gari lile limepangiwa taka za nyumbani, na udongo unakula nafasi ya mtaa mwingine.

Kuna na kunguru, hao ndio wanaosoma ratiba kwa macho. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, kwa nia njema, wasaidie kula taka mjini. Walizila, wakazaliana, wakavuka bahari, na sasa wanasubiri juu ya nyaya za umeme kila Alhamisi. Kiroba kinachotolewa Jumatano usiku kinakuwa kimetobolewa kunapopambazuka. Ndiyo maana viroba vya kwetu hutoka baada ya adhana ya alfajiri na si kabla.

Mdogo wangu anaishi Hamburg, mji wenye undugu rasmi na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Kwake kuna mapipa ya rangi: jeusi la mabaki, la kijani la vinavyooza, la bluu la karatasi, la njano la vifungashio. Tarehe ziko kwenye simu, inampigia kengele jioni ya kuamkia. Ananicheka na kalamu yangu ya uzi. Lakini aliponieleza habari za chupa nikamnyamazia, maana nilimsikia mzee wangu wa alfajiri humo ndani. Ujerumani tangu mwaka 2003 chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji vina amana ya senti 25, na asiye na haja ya kuzirudisha huziacha chini, kando ya pipa la barabarani, ili mwenye kuzihitaji asiingize mkono ndani. Kwa hiyo na huko kuna mtu anayepita kabla ya gari, na kuna wanaomwekea pembeni.

Undugu huo wa miji umezaa na kitu cha maana upande wetu, kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani kupokea taka za sokoni. Ndizo hasa taka zisizo na subira. Kila nikipita soko la Buguruni asubuhi na kuona milima ya majani ya kabeji natamani Ilala tungekuwa na cha kwetu.

Jirani zetu wa kata ya Bonyokwa wao hawakusubiri. Shirika la Nipe Fagio liliwasaidia kuanzisha mfumo ambao taka zinatenganishwa nyumbani, wakusanyaji wanapita nyumba kwa nyumba, zinazooza zinageuzwa mboji, za kuuzwa zinauzwa, na kinachobaki cha kupeleka dampo ni kidogo. Nimelipeleka wazo hilo kwenye kikao cha mtaa. Mwenyekiti aliliandika. Mtu wa nyuma akauliza nani atanunua ndoo za pili, na tukahamia ajenda ya taa za barabarani.

Nimebakiwa na kundi moja ambalo halina siku wala mnunuzi. Betri ndogo za rimoti na tochi, balbu zilizoungua, chaja zilizokufa, vidonge vilivyopita muda. Simu mbovu fundi wa stendi alizichukua kwa ajili ya spea. Mtu wa vyuma chakavu anataka betri ya gari tu, hizi ndogo anazirudisha. Wapakiaji watazibeba nikizichanganya na maganda, hawana shida, na zitafika Pugu pamoja na pampas zangu. Sijapenda. Kwa hiyo ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, mbali na watoto, na kopo linakaribia kujaa. Mwenye kujua pa kuzipeleka, Tabata au popote Dar, aniambie pamoja na siku wanayofungua, nina nafasi kwenye kalenda.